Watoto 353 wa Mbeya, kumbe walikuwa 37

Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari, hapa hapa Mbeya, na miaka kadhaa iliyopita nilienda kusoma masters ya elimu nikiwa najiona najua hesabu kuliko darasa zima, mana wenzangu wengi walikuwa watu wa Kiswahili, historia na uraia, ikifika kipindi cha takwimu wote wananikimbilia mimi. Kujua hesabu ndo kulikoniponza. Ukijua kukokotoa unadhani umeshajua unachokokotoa.

Mada yangu ilikuwa hofu ya hisabati kwa form two. Hii hofu naijua, naiona kila siku, unaingia darasani na chaki unaona macho yote yanashuka kwenye dawati kama vile umeingia na fimbo, na kila mtu anajua hisabati ndo somo linaloangusha watoto form four. Nilitaka nione kama watoto wa hosteli wanaogopa kidogo kuliko wa kutwa. Nilikuwa na imani yangu kwamba mtoto wa hosteli ana muda wa kujisomea jioni, hatembei kilomita sita kurudi nyumbani akakute ndoo inamsubiri, kwa hiyo lazima hofu iwe ndogo. Nikapata shule nane, nyingine mjini, nyingine upande wa Mbalizi, nyingine kule Rungwe kwenye baridi, nne zina hosteli na nne ni za kutwa. Ikakaa vizuri kwenye karatasi, nne kwa nne.

Ukubwa wa sampuli, yaani watoto wangapi niwahoji, nikaupata kwa fomula ya Yamane. Kama umesoma chuo Tanzania unaijua, ile ya mwaka 1967, unachukua idadi yote unagawanya kwa moja jumlisha idadi yote mara kosa unalokubali kuvumilia kipeo cha pili, na hilo kosa kila mtu anaweka 0.05 utadhani limeandikwa kwenye katiba. Form two wa shule zangu walikuwa kama 3,000, kwa hiyo 3,000 gawanya kwa 8.5, inakuja 352.9, unasogeza inakuwa 353. Sasa nane mara 44 ni 352, kabaki mmoja, nikamwongeza kwenye shule moja ya Mbalizi, na yule mtoto nilimheshimu sana mana fomula ilimtaka.

Kitu ambacho sikuuliza na hakuna aliyeniambia ni kwamba ile fomula inadhani unachota watu mmoja mmoja kutoka kapu moja kubwa, kila mtu na bahati yake, hawajuani. Mimi sikuchota hivyo. Nilichota shule kwanza, af ndani ya shule ndo nikachota watoto. Shikilia hapo, nitarudi.

Vibali sitaki kuvielezea sana, barua ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa mkoa, inashuka wilaya, inashuka halmashauri, ukifika kwa mkuu wa shule anaisoma kama hajawahi kuona barua af anakwambia "karibu mwalimu, ila leo kuna kikao". Unarudi kesho. Nauli ni yako.

Tatizo la kwanza la kweli lilikuwa dodoso. Nilichukua maswali ya Wamarekani nikatafsiri. Kuna dodoso la zamani la hofu ya hisabati la mwaka 1972, la Richardson na Suinn, lina maswali 98, sasa nani atamkalisha mtoto wa form two na maswali 98, ndo mana watu wengi wanatumia lile fupi la mwaka 2003 lenye maswali tisa tu. Katika yale tisa kuna linalouliza mtu anajisikiaje akitakiwa kutumia majedwali yaliyo nyuma ya kitabu cha hisabati. Kwetu majedwali hayako nyuma ya kitabu, ni kijitabu chake chenyewe, foo figa, na darasani kwangu viko vinne kwa watoto sitini, kwa hiyo mtoto akikwambia majedwali yanamtia hofu haogopi logi huyo, anaogopa wenzie watachelewa kumpasia na muda unaisha. Hofu ipo kweli lakini sio hiyo wanayoipima wao.

Nikaongezea maswali yangu yakawa 18, na sita kati ya hayo nikayageuza, mana tulifundishwa ukiandika maswali yote kwa upande mmoja mtu anatiki tu bila kusoma. Basi nikaandika kitu kama "Sijisikii vibaya mwalimu wa hisabati anapoingia darasani", chaguo tano kuanzia Sikubaliani kabisa, ambayo ni 1, hadi Nakubali sana, ambayo ni 5, mpangilio wa Likert ule wa tangu 1932. Shule ya kwanza tu, binti mmoja kanyoosha mkono: "Madam, kwa hiyo nikisema sikubaliani na sijisikii vibaya, hapo ndo naogopa au siogopi?" Darasa likacheka. Mimi nikacheka. Af nikabaki nasoma lile swali mwenyewe mara tatu ndo nikapata jibu. Kiswahili chetu kikikanusha kinakanusha kweli, ukikanusha juu ya kukanusha mtoto wa miaka 15 unamwacha porini.

Na kuna jambo lingine nililiona baadae nikiwa nimekaa na karatasi zenyewe, watoto wengi tu wameandika Nakubali kwenye "Napenda hisabati" na Nakubali tena kwenye "Sipendi kusoma hisabati". Mwanzo nikasema hawa hawakusoma. Lakini nilikuwepo, niliwaona, walisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Huku kwetu mgeni akija toka chuo, kapewa kiti na mkuu wa shule, watoto wamesimama wote shikamoo madam, anakuuliza kitu kwa maandishi mazuri, unamkatalia vipi? Unakubali. Ni adabu. Mtoto wa Kinyakyusa au Kisafwa aliyelelewa na bibi yake hawezi kumwambia mgeni "sikubaliani kabisa", ile "kabisa" tu ni utovu wa nidhamu. Ile programu nitakayoisema mbele haijui adabu, yenyewe inaona 4 na 4.

Af hata huko kukubali hakulingani. Ukienda Isongole kununua viazi ukiambiwa gunia, unauliza gunia lipi, la kawaida au lumbesa, mana lumbesa lina kile kilemba juu kimeshonewa nyavu, bei moja uzito mwingine. Nakubali sana ya shule moja ilikuwa gunia la kawaida na ya shule nyingine ilikuwa lumbesa. Kwenye shule moja yenye mwalimu mcheshi watoto walikuwa wanatiki pembeni kabisa bila wasiwasi, shule nyingine hakuna anayegusa pembeni, wote wamejazana katikati kwenye Sina uhakika. Kwenye saikolojia wana hesabu kabisa za kuangalia kama kipimo kinapima kitu kilekile kwa makundi tofauti kabla hujaanza kulinganisha makundi. Mimi nililinganisha kwanza. Nilihesabu magunia.

Shule moja ya Rungwe ndo niliyofanya kosa ambalo mpaka leo linanikera. Orodha yangu ilikuwa na watoto 44 nimewachagua kwa bahati nasibu, vizuri kabisa, nikafika na coaster asubuhi mvua inanyesha ile ya Tukuyu isiyokata, tisa hawapo. Wako wapi? Wengine wameenda kuchimba viazi, wengine wamerudishwa michango, wengine hawaji tu. Mwalimu wa taaluma akaniambia "usijali madam, wapo wengine", akanijazia tisa waliokuwepo. Nikashukuru. Sasa fikiria, unapima hofu ya hisabati af unatupa nje wale ambao siku yenye vipindi viwili vya hisabati hawaji shule. Niliuliza baadae ndo nikajua ilikuwa siku yenye vipindi viwili vya hisabati. Watu wa takwimu wana maneno ya hii kitu toka kwa mwenzao Rubin mwaka 1976, kwamba data inayokosekana ina namna zake, kuna inayokosekana kwa bahati tu na kuna inayokosekana kwa sababu ya kitu kilekile unachokitafuta, na hiyo ya pili ukijazia umejidanganya na risiti juu.

Basi nikamaliza, 353, hakuna hata mmoja aliyepungua, nikajisifu.

Uchambuzi nikampelekea kijana mmoja wa steshenari, maeneo ya Kabwe, ana kompyuta mbili na bango "DATA ANALYSIS SPSS", hiyo SPSS ndo ile programu ya takwimu niliyosema, elfu sitini. Ndio, mwalimu wa hisabati. Nilikuwa na marking ya moko, ile mitihani ya majaribio, na mtoto mdogo, msinihukumu. Yule kijana ana kasi, nampa haki yake. Akaingiza, akapiga alfa ya Cronbach, namba ya kuangalia kama maswali ya dodoso yanaenda pamoja, ikaja 0.38. Akaguna. Nikamkumbusha kuna maswali sita ya kugeuza, yaani 5 iwe 1, 4 iwe 2, akageuza, ikapanda ikafika 0.63. Akasema "madam hapa inatakiwa 0.7, ngoja", akaanza kutoa maswali, anatoa moja anaangalia, anatoa lingine, kama mtu anayepunguza viazi kwenye mzani mpaka mshale ukae anapotaka. Ikafika 0.71, akaacha. Maswali manne yaliyotoka yote ni katika yale sita ya kugeuza. Sikushtuka. Ningeshtuka ningejua kwamba maswali hayakuwa mabovu kwa bahati mbaya, yalikuwa yanapima kitu kingine, yanapima nani anaweza kusoma sentensi yenye kukanusha mara mbili. Watafiti wameshaliona sana hilo, maswali yaliyogeuzwa yanajikusanya peke yake kama kundi la wageni kwenye harusi. Alfa haikwambii unapima nini, inakwambia tu maswali yako yanafuatana kiasi gani, na ukiongeza maswali mengi yanayofanana inapanda yenyewe.

Af ndo akapiga ti-testi, ile ya kulinganisha wastani wa makundi mawili, hosteli na kutwa. Wa kutwa wanaogopa zaidi. Akanionyesha kwa kidole kwenye skrini, 0.001, yaani kama hakuna tofauti yoyote, bahati peke yake ingetoa pengo kubwa hivi mara moja tu kwa elfu. "Madam, imekubali." Nikamlipa elfu sitini na soda juu.

Sasa supavaiza wangu. Mzee mmoja mpole, haongei sana, ana tabia ya kuvua miwani kabla hajakuumiza. Nikampa ile sura ya nne nikiwa nimesuka na nimevaa kitenge kipya, najua leo nasainiwa. Akapekua, akafika kwenye jedwali, akavua miwani.

"Mwalimu, hosteli umeiona mara ngapi?"

Nikasema watoto wa hosteli ni 176.

"Sijauliza watoto. Hosteli umeiona mara ngapi?"

Nikakaa kimya. Af nikasema nne, Dokta.

"Na kutwa?"

Nne.

"Kwa hiyo una vitu vinane." Akavaa miwani. "Ukienda kwa mama ntilie mmoja ukaonja vijiko 44 kwenye sufuria moja ya kande, umeonja sufuria ngapi?"

Nilitaka kulia, kwa hasira nadhani, mana nilianza kuhesabu nauli kichwani. Akachukua kalamu akaniandikia pembeni ya jedwali. Kuna namba inaitwa kiwango cha kufanana ndani ya kundi, inakwambia kati ya tofauti zote za hofu kwa watoto wako, sehemu gani ni tofauti ya shule na shule na sehemu gani ni mtoto na mtoto ndani ya shule moja. Ya kwangu ilikuja karibu 0.2, yaani moja ya tano ya yote ni shule. Nikamwambia ni ndogo Dokta. Akasema ngoja. Chukua watoto wa shule moja, 44, toa mmoja, 43, zidisha kwa 0.2, inakuja 8.6, jumlisha moja, 9.6. Hiyo ni hesabu ya Kish, mtu wa mambo ya sampuli, mwaka 1965. Sasa chukua 353 yako gawanya kwa 9.6.

Ikaja 36.8. Watoto 37. Hata darasa moja halijai.

Nikimaanisha nini, watoto wa shule moja wana mwalimu mmoja, wamefundishwa kuanzia form one pamoja, wanaambukizana woga na wanaambukizana ujasiri, kwa hiyo ukishawahoji kumi yule wa kumi na moja anakwambia kitu unachokijua tayari. Habari mpya ni kidogo. Ti-testi ya yule kijana iliamini kila mtoto kaja na stori yake mpya kabisa, mana ndivyo tulivyoiambia. Haina macho. Haijui kwamba hawa wamekaa dawati moja watatu watatu.

Dokta akaona sura yangu akanipoza kwa kisa cha Uingereza. Mwaka 1976 kuna mtafiti, Neville Bennett, alitoa utafiti kwamba watoto wa shule za msingi wanaofundishwa kwa mtindo wa zamani, mwalimu mbele na watoto kwenye mistari, wanaendelea vizuri kuliko wanaofundishwa kwa mitindo ya kisasa ya uhuru. Uingereza nzima ikachangamka, magazeti, wanasiasa. Af mwaka 1981 wakaja Aitkin na wenzake wakaichambua upya data ileile wakizingatia kwamba watoto wako ndani ya madarasa, na zile tofauti zilizokuwa zinaonekana kubwa zikafifia. Data ileile aisee. Kilichobadilika ni kuiambia modeli, yaani ile hesabu inayochambua data, ukweli kuhusu watoto walivyokaa. Kutoka hapo na kuendelea, watu wa elimu ndo wakaanza kutumia kwa wingi hizi modeli za ngazi nyingi, mtoto ndani ya darasa, darasa ndani ya shule. Nikasema afadhali, hata wenye vyuo vyao waliteleza.

Basi nikajifungia wiki tatu kujifunza R, ile programu ya bure ya takwimu waliyoianzisha jamaa wawili waliokuwa chuo kimoja huko New Zealand, mana nilishaapa sirudi Kabwe. Mwanzo inakutukana tu, ukisahau mabano imekataa. Modeli yenyewe ukiielewa ni nyepesi: kila shule unaipa kimo chake cha hofu, af watoto wanapanda na kushuka kuzunguka kimo cha shule yao, af ndo unauliza je hosteli inaeleza vimo vya shule. Nikabonyeza. Tofauti ya hosteli na kutwa ilibaki karibu ileile kwa ukubwa, ila ile 0.001 ikawa 0.33. Zile nyota zinazowekwa pembeni ya matokeo yaliyokubali, zote zimezimika. Sio kwamba hosteli haisaidii, hapana, ni kwamba kwa shule nane siwezi kusema.

Ila modeli ilinipa kitu ambacho ti-testi isingenipa kamwe. Ukishaipa kila shule kimo chake unaweza kuvitoa vile vimo ukaviangalia, nikavichora kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, saba vimekaa karibukaribu na kimoja kiko juu peke yake, kama mlima Loleza ukiutazama toka Mwanjelwa. Shule moja ya kutwa. Siitaji. Ukiitoa hiyo, hosteli na kutwa ni walewale, yaani tofauti yangu yote niliyoinunulia soda ilikuwa imebebwa na shule moja.

Nikapanda gari nikarudi. Nilidhani nitakuta mwalimu mkali, ndo kitu kilichokuja kichwani, mwalimu na fimbo. Nikakuta hakuna mwalimu. Wa hisabati aliondoka toka form one yao, kuna kijana wa kujitolea anakuja siku mbili kwa wiki akipata nauli, siku nyingine wanajifundisha wenyewe kwa daftari za kaka zao. Nikamuuliza binti mmoja mbona mnaogopa sana hisabati na hamna hata anayewachapa, akaniambia "madam, tunaogopa mtihani ukija maana hatujui kitakachokuja kinafananaje". Nimefundisha miaka mingi, hilo sikuwa nalo kwenye maswali 18.

Siku ya kutetea mmoja wa wajumbe aliniuliza mbona utafiti wako hauna matokeo. Nikamwambia matokeo ni hayo. Akaandika kitu kirefu. Nilipita na marekebisho.

Nilivyorudi shuleni nikadhani hayo mambo yameishia chuo. Mwaka uliofuata tukafanya kambi. Wale wa form four waliopata chini ya 20 kwenye moko ya hisabati, walikuwa 40, tukawaweka kambi wiki sita, wazazi wakachanga mchele, maharage na kuni, tukafundisha mpaka usiku. Walivyofanya mtihani wa pili wastani ukatoka 11 ukaenda 19. Mkuu alifurahi, nani hafurahi, akaniita, "Madam wewe ndo mtu wa takwimu, tuandikie ripoti iende kwa afisa elimu."

Nikakaa na zile shiti. Sijui kwa nini nikawaza kuangalia na wale 40 wa juu. Wale walitoka 71 wakaenda 64. Nikampelekea mkuu nikamuuliza, mkuu, hawa tumewafundisha nini mpaka wakashuka? Hatukuwafanya chochote.

Hii ni kitu ya zamani, Francis Galton mwaka 1886 alikusanya vipimo vya urefu wa watu wazima 928 na wazazi wao akakuta wazazi warefu sana wanazaa watoto warefu ila sio kama wao, na wafupi sana wanazaa wafupi ila sio kama wao, wote wanasogea kati. Kwenye mitihani sababu ni bahati ya siku. Aliyepata 8 ni kweli hajui sana, lakini pia siku hiyo labda aliumwa, labda maswali yalimkwepa, na ukichagua waliofanya vibaya zaidi umechagua pia waliokuwa na siku mbaya zaidi, siku nyingine lazima wapande kidogo hata ukiwalisha kande tu bila kuwafundisha. Wa juu hivyohivyo kwa kushuka. Ni lile swali la Dokta limevaa nguo nyingine: hawa watu wamefikaje kwenye orodha? Wamefika kwa sababu ya namba ileile unayotaka kuipima tena.

Mkuu akasema, "Kwa hiyo unasema kambi haina maana na wazazi wamechanga?"

Hapana mkuu, nasema hatujui katika zile nane ngapi ni za kambi.

Hakupenda. Na mimi ningekuwa yeye nisingependa, mana kusema ukweli njia safi ni kuokota karatasi za bahati nasibu, nusu waende kambi nusu wabaki, na nani atakayemwambia mama aliyeleta debe la mahindi kwamba mwanae kapata karatasi ya kubaki? Nikakumbuka kitu cha Thistlethwaite na Campbell, Wamarekani, mwaka 1960 walikuwa wanaangalia wanafunzi waliopewa tuzo kwa kufikisha alama fulani, wakasema aliyevuka mstari kwa alama moja na aliyeukosa kwa alama moja ni mtu yuleyule kasoro bahati, basi linganisha hao. Na sisi mstari tunao, 20! Aliyepata 18 kaenda kambi, aliyepata 21 kalala kwao. Nikawatafuta wa 17 mpaka 19 na wa 20 mpaka 22, nikapata 11 na 9, kwa penseli tu kwenye meza ya staff. Wale 11 waliwapita wale 9 kwa alama kama tatu kwenye mtihani wa pili. Tatu. Kwa watu ishirini hiyo ni kelele tu, yaani inaweza kuwa bahati, nikaandika hivyohivyo kwenye ripoti, kwamba dalili ipo ila ni watoto ishirini wa shule moja, na hapo kwenye "shule moja" nikapiga mstari chini. Mkuu alisaini ukurasa wa kwanza, sidhani kama alifika wa tatu.

Juzi wamebandika orodha ya kambi ya mwaka huu mlangoni kwa mwalimu wa taaluma, na safari hii mstari wameuweka 25. Nilienda jioni watoto wameondoka, nikaipiga picha kwa simu kabla mvua haijaichana, pamoja na ile orodha ya pili ambayo hakuna anayeisoma, ya waliopata 25 mpaka 30.